Kila Rekodi na Mwezi Wake: Kham, Mashariki ya Tibet

Mwaka 1930 shirika la National Geographic mjini Washington lilipokea telegramu kutoka China. Aliyeituma alikuwa Joseph Rock, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Vienna aliyekuwa ametembea miaka mingi kwenye mipaka ya Tibet, na habari yake ilikuwa nzito: mlima wa Minya Konka, alioupima mwenyewe, una futi 30,250. Hizo ni kama mita 9,220. Everest ya siku zile ilihesabiwa kuwa na mita 8,840. Kwa telegramu moja tu, Everest ilikuwa imevuliwa taji.

Wahariri walikuwa na busara ya kutopiga tarumbeta. Makala ya Rock ilipotoka Oktoba mwaka huohuo, mlima ulikuwa umeshushwa hadi futi 24,900. Kwa miongo mingi vitabu viliandika mita 7,556, na vipimo vipya vya Wachina vimeupunguza tena hadi mita 7,508.9. Rock alikosea kwa zaidi ya mita 1,700.

Naanza na kosa hilo kwa sababu linaifaa nchi yenyewe. Kham ni upande wa mashariki wa nchi ya Watibeti, na kipande chake kinachofikika kwa urahisi zaidi ni Garzê, magharibi ya jimbo la Sichuan. Huko kila kitu kinataka kuwa cha kwanza duniani: mlima, uwanja wa ndege, mji, ziwa, hata majani. Mengine ni kweli tupu, mengine ni maneno ya vibao vya barabarani. Mji wa Litang, ulioko mita 4,014, hupenda kujinadi kuwa mji wa juu kuliko yote ulimwenguni. La Rinconada ya Peru, yenye maelfu ya wachimba dhahabu kwenye mita 5,100, haina habari na tangazo hilo.

Anayepanga kwenda huko huuliza kwanza: niende lini? Nami humjibu kwa swali. Unakwenda kuona rekodi ipi? Maana kila moja ina mwezi wake, na haziivi pamoja.

Kusi ikivuma kwetu

Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa sana misimu ya Kham, kwa kuwa inapitia mlangoni kwake. Kusi, ule upepo uliokuwa ukirudisha majahazi Arabuni na Bara Hindi, na ambao manahodha waliuogopa ukichachamaa Juni na Julai, safari yake haiishii Bombay. Ukishakatiza pwani ya Kenya na Somalia kwa kasi ile ambayo wataalamu wa hali ya hewa wameipa jina la Findlater, hubeba mvuke wa Bahari ya Hindi hadi kwenye vifua vya Himalaya. Sehemu ya mvuke huo hupenya kwenye mabonde marefu ya kusini-mashariki mwa Tibet, hukutana na unyevu mwingine kutoka bahari za China, na kumwagika Kham. Sehemu kubwa ya mvua ya mwaka hunyesha huko kati ya Juni na Septemba.

Kwa hiyo suala kubwa la msafiri wa Kham ni mawingu, kuliko hata baridi. Wakati kusi inavuma kwetu, milima yao imejitanda shela. Ikikata, shela inaanguka. Mtu anaweza kukaa siku tano chini ya mlima wa mita 6,000 mwezi Julai na akarudi kwao hajui ulisimama upande gani.

Uwanja unaokupokea kwa kizunguzungu

Rekodi isiyobishaniwa ni ya uwanja wa ndege. Daocheng Yading ulifunguliwa tarehe 16 Septemba 2013 kwenye mita 4,411 juu ya usawa wa bahari, ukaupiku Bamda, ulioko Tibet kwenyewe, wenye mita 4,334. Hakuna uwanja wa abiria ulio juu zaidi duniani. Jengo lake la abiria ni la duara, limebonyea kama kisahani cha wageni wa kutoka anga za mbali, na njia ya kurukia ina urefu wa mita 4,200, kwa sababu hewa nyepesi haiipi injini nguvu wala bawa mhimili, na ndege hulazimika kukimbia sana kabla ya kuinuka.

Apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, mita 4,720, baada ya siku kadhaa za kutembea na kuambiwa "polepole" mpaka aichukie. Hapa unatoka Chengdu, mji ulio kwenye mita 500 hivi, na baada ya saa moja na kitu mlango wa ndege unafunguliwa karibu na Kibo kuliko Horombo. Kila pumzi unayovuta ina kama asilimia 60 tu ya oksijeni uliyoizoea pwani. Mizigo inasubiriwa kimya kimya. Wapo wanaokaa chini sakafuni pale pale, wameshika vichwa, na maduka ya Garzê yanauza makopo ya oksijeni kama kwetu yanavyouza maji baridi.

Mimi naiona hii kuwa rekodi ya kuitumia wakati wa kuondoka. Kwenda, panda basi. Barabara ya 318 inakulaza Kangding kwenye mita 2,500 hivi, inakuvusha mlima wa Zheduo kwenye mita 4,298 na kukushusha tena, inakupa usiku mmoja Xinduqiao, halafu ndiyo inakuingiza Litang. Mwili unapewa nafasi ya kuuliza kuna nini. Hili halina msimu. Januari na Agosti kichwa kinauma sawasawa.

Ukitoka Litang kuelekea Daocheng, kwenye uwanda wa Haizi Shan uliojaa mawe makubwa yaliyoachwa na barafu za kale na madimbwi zaidi ya elfu moja, yamepangwa maelfu ya vyombo vya kunasia chembe zitokazo angani. Kituo hicho, LHAASO, kiko mita 4,410 na kilikamilika 2021. Mwaka huohuo watafiti wake walitangaza kunasa miali yenye nguvu kubwa kuliko yoyote iliyokuwa imewahi kuonwa hadi siku hiyo, ikiwa na petaelektrovolti 1.4, mara mamia ya trilioni kuliko ya mwanga tunaosomea gazeti. Miali hiyo ilitoka upande wa kundinyota la Cygnus, na vyombo hufanya kazi usiku na mchana, mvua au jua. Miali hiyo ndiyo mgeni pekee wa Kham asiyejali amekuja mwezi gani.

Machi hadi Juni: kuvu kwa bei ya dhahabu

Machi kwenye mabonde ya chini ya Danba miti ya mapeasi huchanua kati ya minara ya kale ya mawe. Ni pazuri, lakini tupite. Kitu cha kustaajabisha zaidi katika msimu huu kina urefu wa kidole na rangi ya udongo.

Watibeti hukiita yartsa gunbu, maana yake mdudu wa kipupwe, jani la kiangazi. Ni kuvu linalomshambulia kiwavi aliye chini ya ardhi, likamjaza mwili mzima na kumuua, kisha theluji ikiyeyuka likachomoza kichwani mwake kama njiti ya kiberiti iliyoungua. Linaota juu ya mpaka wa miti, kwenye majani mafupi, na ni Mei na Juni tu. Kwa wiki hizo vijiji vizima huhamia mlimani na mahema. Kutafuta kwenyewe ni kulala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande wa barafu, uso shubiri moja kutoka ardhini, na kutambaa kwa magoti huku macho yakitenganisha njiti moja ya kahawia na majani elfu ya kahawia. Watoto wanashinda wakubwa, kwa kuwa wana macho makali na wako karibu na chini. Akikiona, mchimbaji hakivuti. Hutia sururu ndogo pembeni, hunyanyua bonge zima la udongo, hutoa kiwavi bila kumkata, kwa sababu kilichokatika hakina bei, kisha hurudisha bonge lile tunduni na kulikanyaga kwa kisigino.

Dawa za Kichina zimekipandisha mno: kuna miaka ambayo kuvu la daraja la kwanza limeuzwa kwa bei iliyokaribia ya dhahabu kwa uzito uleule. Kwa familia nyingi za wafugaji, wiki hizo chache ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya fedha taslimu za mwaka. Mgeni anayekuja Mei ataona rododendroni zimechanua mlima mzima, kwa maana safu hizi za Hengduan ndizo zenye aina nyingi za ua hilo kuliko pengine popote, lakini asishangae kukuta kijiji hakina mtu wa kumpikia chai.

Juni 1928, alfajiri

Rock alifika Yading, kusini mwa Garzê, katika mwezi ambao mimi ningemkataza. Palikuwa na milima mitatu mitakatifu, na eneo hilo lilishikwa na majambazi waliowaacha mahujaji wapite na kuwapora wasafiri wengine. Mfalme wa milki jirani ya Muli, rafiki yake, alimwombea ruhusa kwa mkuu wao. Akaingia Juni, mvua zimeanza.

Milima yenyewe imepewa majina ya watakatifu watatu wa Kibudha. Chenrezig wa huruma una mita 6,032. Jampelyang wa hekima na Chana Dorje wa nguvu ni mapacha wa mita 5,958, wakiipita Kilimanjaro kwa mita 63. Rock aliizunguka akiwa amelowa, mawingu yamekaa. Kisha alfajiri moja alitoka hemani na kukuta anga jeupe, na Jampelyang imesimama mbele yake kama piramidi. Mtu huyu alikuwa ameona milima mingi, na hakuwa mwepesi wa kusifu, lakini aliandika kuwa huo ndio uliokuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kuitia machoni.

Alikuwa na bahati, na wanaonukuu sifa ile kwenye vipeperushi vya watalii husahau siku alizolowa. Makala yake ilitoka Julai 1931. Miaka miwili baadaye James Hilton alichapa riwaya yake ya bonde la Shangri-La, na tangu hapo kila pembe ya Kham inadai kuwa ndiyo iliyomwongoza. Zhongdian, katika jimbo la Yunnan, iliwahi na kubadilishiwa jina rasmi kuwa Shangri-La mwaka 2001. Mji mdogo ulio chini ya Yading nao ukajiita hivyo. Sasa kuna Shangri-La mbili, na kuna wasafiri wanaoshuka penye ile wasiyoikusudia.

Agosti, kwa watu si kwa milima

Kama rekodi unayoitaka ni ya binadamu, vumilia mvua uende Litang mwanzoni mwa Agosti, kwenye sherehe za mbio za farasi. Uwanda mzima hugeuka mji wa mahema meupe yenye mapambo ya buluu. Wanawake huvaa marijani na kaharabu zenye uzito wa kuumiza shingo. Mashindano ya kasi hayanisisimui sana. Mazuri ni yale ya kuokota kitambaa. Skafu nyeupe hutandazwa majanini, mpanda farasi huja mbio, na hatua chache kabla ya kufika hujiachia upande mmoja mpaka kichwa chake kiko chini ya tumbo la farasi, suka la nywele linaburura vumbi, mguu mmoja tu umebaki kwenye tandiko. Akikosa, watu wanacheka. Akiokota, huinuka na skafu mkononi na hageuki kutazama nyuma. Kuna miaka sherehe imefutwa, kwa hiyo ulizia kabla ya kukata tiketi.

Oktoba na bei yake

Wiki za mwisho za Septemba mawingu huanza kupasuka. Kusi imechoka. Karibu na Daocheng, kwenye bwawa moja la Sangdui, kuna majani ya majini yanayoiva yakawa mekundu kama damu kwa siku zisizozidi ishirini, mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Kieneo chenyewe ni kidogo, kisichofika hata shamba la mkulima wa wastani, na pengine ndilo dimbwi linalopigwa picha nyingi kuliko lolote katika Garzê. Halafu miteremko ya Yading hugeuka dhahabu. Mti unaofanya kazi hiyo ni wa jamii ya misonobari, lakini una tabia ya kupukutisha majani yake. Kati ya Oktoba 10 na 25, kwa kawaida, unakuwa na dhahabu chini, barafu katikati na buluu juu, bila hata wingu moja la kuomba radhi.

Hapo ndipo China nzima inapofika. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba ni likizo ya taifa, Wiki ya Dhahabu. Chumba cha hoteli hupanda bei mara kadhaa, na foleni ya magari kwenye kona za Zheduo hulala na kuamka. Huko Yading, kutoka malisho ya Luorong hadi Ziwa la Maziwa ni kama kilomita tano za kupanda, na mwisho wake unasimama kimo ambacho ni sawa na kilele cha mlima Meru wa Arusha. Katika wiki ile unazipanda ukitazama visigino vya mtu wa mbele, farasi wanakusukuma pembeni, na pale juu, ambapo maji ni ya feruzi na mchanga mweupe umeyazunguka kama maziwa yaliyoganda mdomoni mwa kikombe, unasubiri zamu ya kupiga picha. Uzuri upo palepale. Wewe ndiye usiye na nafasi ya kuuona.

Uamuzi wangu basi ni huu: siku kumi za mwisho za Oktoba. Majani mekundu ya Sangdui yamekwisha, na siyasikitikii. Mipopla ya Daocheng bado ni njano. Shayiri imevunwa na kuanikwa, yaki wanashushwa kutoka malisho ya juu, na usiku maji yanaganda ndooni. Asubuhi mwenyeji atakuwekea bakuli la chai ya siagi na konzi ya tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa. Unaikanda kwa vidole vya mkono mmoja huku mwingine ukizungusha bakuli, polepole, ukisukuma unga chini kutoka ukingoni usimwagike, mpaka ufanye tonge la kahawia. Aliyezoea kumega ugali hajifunzi kwa muda mrefu.

Na tarehe hizo zina shahidi. Minya Konka, ule mlima ulioangusha hesabu za Rock, ulipandwa mara ya kwanza na Wamarekani wawili, Terris Moore na Richard Burdsall, na siku waliyofika kileleni ilikuwa tarehe 28 Oktoba 1932. Baridi ilitoza ushuru wake: mwenzao Arthur Emmons, ambaye hakufika juu, alipoteza vidole vya miguu. Mlima huo ni hatari kuliko urefu wake unavyodokeza, kwa kuwa unainuka zaidi ya mita 6,000 juu ya bonde la mto Dadu, katika umbali wa kilomita zisizofika thelathini. Kilimanjaro yenyewe haiinuki hivyo juu ya mbuga zake. Kwa macho tu, bila kamba wala shoka la barafu, Oktoba ya mwisho na Novemba ndiyo miezi ya kuutazama jua linapozama, upande wote wa magharibi ukiwa kaa la moto.

Kipupwe, kwa wagumu

Novemba hadi Machi, wakati sisi tuna kaskazi, anga la Kham ni kavu na safi kuliko wakati wowote, na bei ziko chini. Novemba 2020 video fupi ya kijana wa Litang aitwaye Ding Zhen, akitabasamu tu mbele ya kamera, ilienea China nzima, na wilaya ikaona kuwa kumbe watu wanaweza kuvutwa hata msimu wa barafu. Lakini usiku hushuka mbali chini ya sifuri, nyumba nyingi za wageni zimefungwa, mabomba yamepasuka, na barabara za milimani zinang'aa kama kioo. Ninawaheshimu wanaokwenda. Siendi nao.

Yuko mwingine mwenye kauli kuhusu msimu, na Rock alimsahau. Alirudi Yading Agosti 1928 kwa mara ya pili, akazunguka milima tena, akapiga picha, akaondoka salama. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ya mawe iliipiga shayiri ikiwa bado mashambani, ikailaza yote. Watu wa Yading waliona wazi chanzo chake: miungu ya milima imechukizwa na mgeni. Mkuu wa majambazi akampelekea mfalme wa Muli ujumbe kwamba mzungu yule akionekana tena ataporwa na kuuawa. Rock, aliyekuwa amepanga safari ya tatu, akafunga mizigo na kuelekea kaskazini, kwenda kuupima Minya Konka.